Punje za Kona Nyekundu

Kasama, Zambia

Mdogo wangu Tabitha,

Zile punje zako hazikuoza. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana pumzi yangu ni fupi siku hizi na sitaki iishie kwenye salamu. Miaka yote hii nimekuficha.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Goti linaendeleaje, na kahawa imechanua? Mimi moyo umechoka. Daktari hanifichi tena, nami nimeona nisifiche.

Unakumbuka likizo ile nilipokuja huko nyumbani, kijijini kwetu Ruanda? Hapa kwenye kituo cha utafiti wa mbegu tulikuwa tumekwama. Maharage tuliyozalisha yalistawi kwenye vitalu vyetu vyenye mbolea, lakini yakifika kwa mkulima asiye na mbolea yanageuka njano na kudumaa. Nikakukuta umeinama kwenye kona nyekundu chini ya kahawa, pale penye udongo mbovu ambapo hata mahindi hayapiti goti, unachuma mbegu za maharage.

"Tabitha, una wazimu? Mbegu huchaguliwa penye rutuba."

"Penye rutuba kila mtu ananenepa, kaka. Mimi namtaka aliyezaa hapa kwenye njaa."

"Na udogo huu? Kama mavi ya mbuzi!"

"Cheka tu. Ya kwako yamesoma, bila mbolea hayali."

Nilicheka kweli. Lakini niling'oa shina moja, nikalisuuza kijitoni, nikasahau kucheka. Mizizi haikuzama, ilitanda juujuu kama wavu, imejaa vinyweleo, palepale inapokaa ile fosforasi kidogo inayolisha mimea kwenye udongo wetu. Wewe hukuwahi kuitazama kwa hadubini, ila ulikuwa umeichagua msimu baada ya msimu. Ukanipa viganja viwili vya mbegu kutoka kwenye kibuyu cha marehemu mama.

Nikazipanda, maua yake nikayachavusha kwa chavua ya maharage yetu makubwa, na wazao wake nikawapanda kwenye kitalu kibovu bila mbolea, kama ufanyavyo wewe. Ndiyo maharage yaliyonipa jina, yanayolimwa leo mpaka hapo kwenu.

Mwaka ule mvua ya mawe ilipolipiga shamba lako, kibuyu kikabaki kitupu. Ukamtuma dereva wa lori: "Mwambie kaka anirudishie hata kiganja kimoja." Nikajibu kwamba ziliota ukungu, nikazitupa. Niliogopa kwamba ukizipanda tena, wenzangu wa kituoni wakifika huko watazitambua.

Kila mwaka nimezipanda kwenye madebe nyuma ya jiko. Kwenye bahasha hii kuna punje arobaini. Mwanangu atakukabidhi mkononi Tunduma. Zipande kona ileile. Nami bado najiuliza: mama ndiye aliyekufundisha kuchagua pale pabovu, au uligundua mwenyewe? Mpe jibu aniletee. Ningependa kulisikia ningali hai.

Nisalimie shemeji, mkaza mwanao anayekupikia, na mjukuu wako anayefundisha Mkwajuni. Binamu yetu mwinjilisti naye aniombee, akishasikia haya.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Maharage yalipopitishwa kuwa mbegu rasmi nililetewa fomu yenye mstari unaouliza mbegu mama ilitoka kwa nani. Hakuna aliyenishurutisha, na jina lako silisahau hata usingizini. Niliandika: "Soko la Tunduma. Mkulima hajulikani."

Kaka yako,
Yonathani