Bunduki Iliyozoea Shavu Lako

Baba watoto,

Huku hatujambo, ila nguruwe pori wanatumalizia mahindi. Mdogo wako alichukua bunduki yako awawinde, kila risasi ikaenda kushoto. Tukaipeleka kwa fundi. Akakaza skrubu za darubini, akasafisha mtutu, wapi! Mwishowe akapapasa kitako, akacheka: "Bunduki nzima hii. Mwenyewe amekichonga kitako kifuate shavu lake. Mwingine akiegemea, jicho linakaa pembeni. Nikichonge upya kimfae huyu?"

Mdogo wako akaniambia nikubali tu, eti wewe hutarudi tena.

Nikaibeba, nikarudi nayo nyumbani. Nguruwe na wajilie. Jana niliegemeza shavu langu hapo ulipochonga. Hata mimi pamenikataa. Njoo.

Mkeo