Kwako Mama Brashi, Uliyesema na Hukusikilizwa

Mwaka umetimia, Mama Brashi wetu, tangu ututoke ukiwa na mimba ya miezi saba na nusu. Watu wanatuambia tupoe. Hatujapoa.

Ulikuwa mchora mabango. Mtaa mzima ulikuita Mama Brashi kabla hujawa mama wa mtu. Kila mwenye duka ulimtajisha jina lake herufi kwa herufi ndipo uchovye brashi, maana ulichukia kukosea. Hata siku ya harusi ulikuwa na rangi kwenye kucha.

Mimba yako ya kwanza ilitunga kwenye mrija, pale unapoungana na mfuko wa uzazi. Ulipasuliwa, mrija ukakatwa, mfuko ukashonwa. Daktari aliyekupasua aliandika kwamba ukishika mimba tena, usiachwe ufikie uchungu. Na ukiumwa tumbo, uangaliwe mara moja. Karatasi ile hukuiacha nyumbani hata siku moja.

Asubuhi ile maumivu yalikushika juu ya tumbo, upande wa kulia, yakapanda hadi begani. Mumeo na Mama wakakukimbiza hospitali. Daktari wa zamu akasema ni kiungulia. Ukampa karatasi.

“Daktari, hapa nilishonwa. Soma kwanza.”

Akaiweka mezani bila kuikunjua. Akakuandikia dawa ya tumbo, akasema wajawazito mna woga wa bure.

Ulikaa kwenye benchi saa tatu nzima. Mumeo aligonga ule mlango mara nne, akaambiwa asubiri zamu. Ulipoanguka ndipo walipokumbuka kukimbia. Mfuko ulikuwa umepasuka pale pale penye mshono. Mtoto walimtoa hai. Wewe damu ilikuishia.

Baada ya mazishi daktari huyo alikuja nyumbani, akasema hakujua. Mama hakupandisha sauti.

“Hukujua, au hukusoma?”

Akainuka, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza.

Binti yako anatambaa sasa. Ana meno manne na hataki kubebwa na wageni. Ukali huo tunajua ameutoa wapi. Malalamiko yetu yako mbele ya baraza la madaktari. Wameahirisha mara mbili. Tutarudi.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako, Mama, dada zako wawili, kaka yako na wachoraji wenzako.

Hatutakusahau kamwe. Na waliokupuuza, hatutawaacha wakusahau.