Baba, Katende Ameshindwa Kuikunja

Baba yangu,

Mtoto amelala kifuani, naandika kwa mkono mmoja, usicheke herufi zangu. Ulisema darasa la tano linamtosha mtu kuandika barua. Basi soma hii. Nimekuletea habari za Katende, na ni tamu.

Wewe hujui alichofanya, ulikuwa ndani ya sanduku. Sisi tunakuzika, yeye amebaki Bwaise, akafungua kibanda mlichogawana miaka yote ile, akabeba spana zako na baiskeli yetu ya kijani, ile ya kukunja. Jioni akaja matangani. Akala, akalia kwa sauti. Watu walipoanza kusema walivyokujua, na yeye akasimama: "Mzee alikuwa mtu mzuri. Ile baiskeli nikiitengeneza, yeye ndiye alikuwa ananishikia spana."

Eti wewe ndiye unamshikia spana yeye. Nilikuwa na mtoto wa wiki mbili kwenye titi, na kwetu hatumwaibishi mtu matangani. Nikaendelea kumnyonyesha. Lakini maziwa yalinikauka siku mbili.

Unakumbuka tulivyoipata? Kawempe, kwa yule mama wa kuku. Kuku walikuwa wanalala juu yake. Ulikwangua mavi kwa kucha, ukaona chuma cha zamani, ukaipapasa kama umekutana na ndugu yako. Mimba yangu yote iliishia kwenye hiyo baiskeli. Nabana fremu kwa magoti, tumbo liko juu, wewe unapiga tupa. Nikikaza sana unasema, "Polepole, mama. Huyu si bwana yako."

Na bolti ya bawaba, pale katikati inapokunjika. Ilikuwa imeoza, na hatukupata nyingine Kampala nzima. Tukachonga yetu kutoka kwa ekseli ya pedeli ya kushoto. Wewe na mimi tu tulijua bolti imetoka huko, na uzi wa pedeli ya kushoto, ile mikato ya kukazia, umegeuka: ukitaka kufungua, unazungusha upande ambao kwa bolti zingine ni kukaza. Katende siku hizo alikuwa anaziba pancha na kusikiliza mpira redioni.

Sasa Ijumaa mama mmoja wa Mbuya anayependa baiskeli za kukunja, Katende alikuwa amemuuzia ile yetu, akaja kuichukua. Muuza chapati wa jirani na kibanda aliniambia mama huyo ana zingine tatu zimekufa kabisa stoo, anatafuta fundi wa kuzifufua. Kazi yetu hiyo, Baba. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kusimama pale kibandani kama mtu anayesubiri chapati.

Mama akasema, "Fundi, nikunjie, iingie kwenye buti ya gari."

Katende akashika spana yako. Akazungusha. Akazungusha tena, jasho likaanza. Anakaza, anafikiri anafungua. "Kutu tu hii, nyabo," akamwambia yule mama. Kutu, wakati bolti ile tuliipaka grisi mimi na wewe. Mwenye boda mmoja akamwambia, "Ssebo, bwana, si ni wewe uliitengeneza?" Watu wakacheka. Mimi nikala chapati yangu polepole. Sijawahi kula chapati tamu kama ile.

Halafu akachukua nyundo.

Hapa nitakuambia ukweli. Ningeweza kusema "acha" kabla hajapiga. Sikusema. Nilitaka wote waone. Akapiga mara moja, rangi ikaruka, na pale nikahisi amenipiga mimi. Nisamehe alama ile. Ni yake, na ni yangu.

Nikamfungua mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Bwana Katende, nishikie mtoto."

Akamshika. Angefanya nini mbele ya watu? Nikashusha kiti, nikarudisha pedeli nyuma, nikachukua spana yako, nikazungusha bolti upande wake, tik, baiskeli ikakunjika mara mbili kama nguo iliyopigwa pasi. Mama wa Mbuya akaniuliza nani alinifundisha. Nikataja jina lako lote, na la ukoo, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. Katende bado amemshikilia mtoto wangu.

Spana zako ninazo, nilizibeba siku hiyo hiyo mbele ya watu wote. Baiskeli ya kwanza kati ya zile tatu za mama wa Mbuya imefika jana, nyekundu, haina bawaba kabisa, na sijalala vizuri kwa furaha. Muuza chapati anasema nimsamehe Katende, ni mtu mzima. Atangoja. Nimeweka benchi yangu ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na kibanda chake. Asubuhi ananisalimia mara mbili ndipo naitikia.

Pumzika, Baba, usihangaike na sisi. Nakuahidi: hizo tatu nitazikunja na kuzikunjua hapo nje, moja moja, mchana kweupe, na kila mteja atakayeuliza nitamtuma kwanza kwa Katende, amwambie yeye mwenyewe ni kazi ya nani.

Binti yako