Punda Nimemfuata Masara

Baba Bravin,

Omena iko kwa sufuria, ugali utajipikia. Fungulia mbuzi kabla jua halijachoma. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi nikimpata.

Asubuhi nimekuta kamba tupu. Linet wetu ndiye ameniambia ulimpa ndugu yako Willis yule punda akabebe mawe ya dhahabu huko Masara, eti leo tu. Si huko huko ndiko nilimwokota? Wachimbaji walikuwa wamemtupa kando ya shimo, mgongo umeoza mpaka mfupa unaonekana. Tangu mvua ianze namwosha na maji ya chumvi, namfukuzia nzi, na wewe unanicheka eti nimeolewa na punda. Kidonda kimefunga juzi. Ngozi bado ni laini kama ya mtoto mchanga, na hapo hapo ndipo mmemwekea gunia la mawe.

Dawa yake nimebeba, usiitafute. Kuku wasilale nje.

Ulimwambia Linet punda amepona kwa sababu siku hizi halii akiguswa. Hata mimi siku hizi silii. Ulidhani nimepona?

Mama Bravin