Mama Nanjala, Ulisoma Peke Yako

Mama Nanjala,

Leo sikusalimu. Ulipokuwa hai nilikuuliza kila asubuhi umeamkaje, nawe ukanijibu, "Niko tu sawa, Mama Wekesa." Sasa najua ulikuwa unanidanganya, kwa hivyo salamu tuziache.

Nimekukasirikia. Nimeiombea hii hasira iondoke, nimefunga kula kwa ajili yake, na Mungu ameniachia vile ilivyo. Nafikiri anataka kwanza nikuambie wewe mwenyewe ndio nisiwe nakusengenya kwake.

Siku tuliyokuzika kule kwenu Myanga, Bungoma, nilikaa kwenye hema pamoja na akina mama wa kanisa. Shemeji yako akashika maiki akasoma habari zako. Ulizaliwa, ukasoma, ukafundisha Kiingereza hapa Kitale, ukaachwa mjane ukiwa bado kijana. Hayo yote nayajua, nilikuwa naitikia kwa kichwa. Halafu akasema umefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, ugonjwa ulioubeba kwa ujasiri.

Nikamgeukia mama aliyekaa kando yangu nikamuuliza, muda mrefu gani? Akaniambia ninyamaze, mazishi yanaendelea. Nikamtafuta Nanjala kwa macho. Alikuwa mbele kabisa, na sweta yake ya shule, anamtazama baba yake mdogo mdomo wazi. Mtoto wako alikuwa anayasikia kwa spika, pamoja na majirani na watu wa kuuza maji ya chupa, ati mama yake amekuwa mgonjwa muda mrefu.

Mimi uliniambia ni vidonda vya tumbo. Nikawa nakupikia uji wako kando, bila ndimu, kwa ile sufuria ndogo yenye mkono mmoja. Ukaunywa. Ukanishukuru. Ukasema unasikia nafuu.

Na ujasiri wenyewe ni gani? Wacha niulize, kwa sababu sitaki kumkosea marehemu. Ni ujasiri gani huo wa kunyamazia watu wanaokupenda?

Ungekuwa mtu mwingine ningekuelewa. Kuna watu wa siri, wamezaliwa hivyo. Lakini wewe? Wewe ndiye uliyemleta Barasa jikoni kwangu hapa shuleni akiwa Fomu Foo, kidato cha nne, kijana mrefu kuliko mlango, kwa sababu alikuwa amekwambia amemaliza kusoma kile kifungu cha mtihani na ameelewa. Nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagwe. Ukamwambia, "Mwambie Mama Wekesa hiyo habari inasema nini. Kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, lugha yoyote anayosikia. Yeye akipotea, wewe hujasoma."

Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza changu ni cha kuomba chumvi stoo. Barasa akaanza kunieleza mambo ya mtu fulani na daraja, na hata hajafika mbali nikapotea. Nikamuuliza, sasa huyo mtu analijenga daraja ama analibomoa? Barasa akanitazama, akatazama karatasi, akakuna kichwa. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni umekunja mikono, unacheka mpaka chaki ikakuponyoka. Ukamwambia arudi asome. Alirudi mara nyingi yule kijana, mpaka mwisho nikalielewa hilo daraja kama nimelivuka mimi mwenyewe.

Kuanzia hapo jikoni kwangu pakawa darasa lako la pili. Baada ya chakula cha mchana, mimi nasugua masufuria, wao wananieleza. Nimejua habari za nyangumi, mimi ambaye hata ziwa sijaliona vizuri. Nimejua mambo ya barafu inayoyeyuka, na mwanamke aliyeshtaki kiwanda, na mzee aliyekataa kuuza shamba. Wakikosea siwezi kujua, maana sijasoma. Nilichojua ni kwamba nimepotea tu. Nawaambia, hapo umeniacha njiani, na wanarudi wenyewe kwa karatasi wananung'unika. Wale watoto walienda kufanya mtihani wakakutana na vifungu ambavyo hawajawahi kuona, na hawakuogopa. Ulikuwa unawaambia kila siku, mpaka mimi nikawa nayasema nikiwa shambani, "Kusoma hakujaisha mpaka umwambie mtu."

Umesikia hayo maneno? Ni yako.

Kisha wewe ukaenda hospitali, daktari akakuandikia majibu yako. Kwa Kiingereza, Mama Nanjala, ambacho ulikijua kuliko sisi wote. Hukuhitaji wa kukutafsiria. Ukasoma kifungu chako mwanzo mpaka mwisho, ukakielewa chote, ukakunja ukaweka kwa mkoba. Ukapanda gari ukarudi Kitale ukaja ukanywa uji.

Ungekuja jikoni. Kile kiti cha mbao kilikuwa chako, hakuna mwingine aliyekikalia. Ungenieleza, ningepotea, ningekuuliza, ungerudi tena mwanzo. Labda hatungepata dawa. Lakini ungekuwa umemaliza kusoma. Na mtoto wako asingesikia kwa spika.

Basi wacha nikupe habari za huku, kwa sababu hata hizo zimenikasirisha.

Walileta mwalimu mpya, Kevin, kijana ametoka chuo juzi. Si mtu mbaya. Lakini ana haraka. Yeye anawaambia watoto wasipoteze wakati na kifungu, wasome maswali kwanza, halafu wawinde neno. Swali likiuliza kwa nini, tafuta bikozi, hiyo 'kwa sababu' yao, nakili kilicho mbele yake, endelea. Fomu Foo wakawa wanawinda maneno kama kuku wanadonoa mahindi uani. Ukimuuliza mmoja habari ilikuwa ya nini, hajui. Amejibu maswali yote na hajui kama mtu aliyesemwa ni mwanamume ama mwanamke.

Wengine wakaendelea kuja jikoni kama walivyozoea. Mwalimu Kevin akawafuata. Akanikuta na mwiko mkononi, na msichana mmoja ananieleza mambo ya njaa na mvua. Akasema mbele yao wote, "Mama, kwani utafundisha Kiingereza na mwiko?" Watoto wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Nikamwambia mimi sifundishi mtu, mimi nasikiliza tu.

Wiki hiyo Prinsipo, mkuu wetu wa shule, akatangaza paredini kwamba ni Kiingereza pekee shuleni kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na mwanafunzi yeyote wa Fomu Foo akipatikana jikoni atavaa shingoni mpaka jioni kile kibao cha aibu cha wasiozungumza Kiingereza. Prinsipo yuleyule aliyelia kwenye mazishi yako, akasema kwa maiki kwamba umeacha msingi ambao hautabomolewa. Hata maua ya kaburi hayakuwa yamekauka vizuri.

Halafu ikafika siku ya maombi ya Fomu Foo. Unajua mimi na maombi. Sijawahi kuyadharau na sitaanza sasa. Lakini walikuja kuchukua karai langu, lile kubwa la kuoshea mboga za sukuma, wakalipeleka uwanjani, wakamwambia kila mtoto aweke kalamu yake ndani ili ziombewe. Nikatazama zile kalamu zimerundikana pale mahali pa sukuma yangu. Nikatazama watoto.

Wachungaji wakaomba, wazazi wakaomba. Prinsipo akakutaja, akasema roho yako iko nasi. Halafu, kwa sababu wananijua ni mtu wa kanisa, akasema Mama Wekesa wa jikoni atufungie kwa maombi.

Nikafuta mikono kwa leso, nikashika maiki. Nikasema, "Baba, asante kwa kalamu. Kalamu hazijamkosea mtu. Lakini kama watoto wamekatazwa kuelewa wanachosoma, hizi kalamu hata ukizibariki zitaandika nini? Mlainishe moyo yule aliyewafungia mlango. Amina."

Kisha mzazi mmoja mzee kule nyuma akasema amina, na Fomu Foo wote wakamfuata.

Prinsipo aliniita ofisini. Akaniuliza, "Mama Wekesa, hayo yalikuwa maombi ama mkutano wa siasa?" Nikamwambia yalikuwa maombi, mwalimu, mimi nilikuwa nimefunga macho. Hakucheka. Unajua kandarasi yangu ni ya muhula kwa muhula, na muhula unaisha. Sijui kama nitakuwa jikoni Januari. Nilienda nyumbani nikamwambia Mungu kama nimekosa anisamehe, ila sijutii, na hilo pia anisamehe.

Lakini mlango ulifunguliwa. Naibu wa Prinsipo alikuja akasema Fomu Foo wanaweza kupita jikoni baada ya chakula mpaka mtihani uanze, mradi wasipige kelele. Mwalimu Kevin mwenyewe akaja siku moja akasimama mlangoni amekunja mikono. Nilitaka kumfukuza, hapo ni mahali pako. Nikamwacha. Nilimwona anasikiliza.

Wote walikuja isipokuwa wako.

Nanjala tangu Myanga alikuwa hasomi. Anashika kitabu, anageuza kurasa, macho yanapita. Ukimuuliza anakwambia amesoma. Kwa mok, ule mtihani wa majaribio, alijibu maswali machache akalala juu ya karatasi. Walimu wakaniambia ni huzuni, wacha mtihani upite tu, atarudia. Nami nikawaza, binti wa Mwalimu wa Kiingereza aanguke Kiingereza, na watu Bungoma nzima waseme mama alifundisha watoto wa wenyewe akamsahau wake.

Kwa hivyo Alhamisi iliyopita nilimtuma mwenzake akamwite. Akaja amenuna. Nikampa karatasi moja ya zile zako za zamani. Nikamwambia asome, halafu anieleze. Akasoma haraka haraka. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma bei za soko: kuna ndege wenye miguu mirefu, kila mwaka wanaruka kutoka mbali wanakuja kwa ziwa fulani, ziwa limekauka kwa sababu wakulima wamegeuza mto, ndege bado wanakuja wanatua kwa matope makavu wanakufa. Mwisho.

Nikamuuliza, sasa kwa nini wanakuja na maji hayako?

Akasema, "Nilitafuta bikozi, haiko."

Nikamwambia basi mimi nimepotea, arudi asome.

Hapo akawaka. Akairusha karatasi juu ya gunia la mahindi, akaniambia, "Auntie, wewe hata Kiingereza hujui. Utajuaje kama nimekosea?"

Mama Nanjala, nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi nisikie sauti ya huyo mtoto ikiwa na moto. Nikamwambia sijui kama amekosea, najua tu mimi nimepotea, na ndege wanakufa, na hakuna mtu wa kunieleza.

Akakaa. Kwa kile kiti chako, bila kuulizwa. Akaiokota karatasi akasoma polepole, midomo inacheza kama yako. Nilisugua sufuria moja mpaka ikawa kioo kwa sababu niliogopa kugeuka. Kisha akasema, karatasi ikiwa bado kwa uso:

"Hakuna aliyewaambia, Auntie. Wale waliotangulia waliona maji yameisha, lakini hawakurudi kuwaambia wenzao. Hao wengine walikuja tu kama walivyozoea."

Nikasema sasa nimeelewa.

Akanitazama. Akasema, "Na yeye mbona hakuniambia?"

Nilikuwa na mikono yenye sabuni tu, nikamshika nayo hivyohivyo, tukalia sote wawili mpaka kengele ikalia na maharagwe yakaungua chini. Walimu walikula maharagwe ya kuungua siku hiyo na hakuna aliyesema kitu.

Hilo swali ndilo nimekuandikia. Si langu, ni lake. Nimekupigania mbele ya hilo swali siku hizi zote. Nimesema labda ulitaka amalize mtihani kwa amani. Labda uliogopa ukilisema mbele yangu litakuwa kweli. Nikifika hapo hasira inapungua kidogo, kisha nakumbuka uji, inarudi. Wewe huwezi tena kujibu, na mimi nitalazimika kukaa na kifungu ambacho mwenyewe hajanieleza. Hiyo ndiyo adhabu uliyonipa, na sikuistahili.

Amekuja kila siku tangu Alhamisi. Jana alinieleza habari mbili na sikupotea hata mara moja, nikajaribu kupotea kwa makusudi akanigundua, akaniambia, "Auntie, acha mchezo." Alicheka. Ni kicheko chako kabisa, hata kile cha puani mwishoni.

Kesho ni karatasi ya pili, ile ya kusoma na kujibu. Kalamu yake iliombewa kwenye karai langu pamoja na za wengine, na nimeiombea tena peke yangu, maana nilivyosema siku ile sikumaanisha Mungu asizibariki.

Sasa sikia. Akitoka chumba cha mtihani, kabla ya kula, atakuja jikoni anieleze yote aliyoyasoma mle ndani. Likizo ikifika nitamleta Myanga. Nitamkalisha hapo kando yako, akueleze na wewe, halafu akuulize lile swali lake kwa mdomo wake, kwa sauti, na mimi sitamwambia anyamaze ati ni makaburini. Utamsikiliza mpaka mwisho. Na kuanzia leo mpaka awe mwanamke mzima, jambo lolote nitakalolijua linalomhusu, hata liwe zito namna gani, atalisikia kutoka kwangu, tumekaa, na si kwa spika. Hilo nimemwapia yeye, na sasa nakuapia wewe.

Lala, dada yangu. Bado nimekasirika. Uji wako bado naupika kwa ile sufuria ndogo, ila sasa anaunywa Nanjala, na yeye anataka ndimu.

Mama Wekesa, wa jikoni