Kusubiri Mfereji Upoe

Jumatatu, 22 Septemba

Nimefungulia mfereji kabla ya Alfajiri, nikatia kidole. Moto. Tangi liko juu ya paa, linapikwa na jua la jangwani tangu mwezi wa tano. Zuwena kauliza kutoka kitandani, vipi? Nikamwambia tia majani tu, chai tayari. Mke wangu kacheka kidogo. Siku hizi hucheka kidogo, mapafu hayampi nafasi.

Mashindano yetu ni ya kila mwaka. Wa kwanza kukuta maji ya mfereji yamepoa ndiye anayezima AC na kufungua roshani, na mwenziwe anampikia kahawa akainywe nje. Maana joto limekwisha. Mimi nimeshinda mara nyingi. Yeye anasema mwizi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Tumetoka hospitali. Daktari, kijana wa viatu vya kung'aa, kazungumza na binti yetu Salma kwa Kiingereza ili mzee nisielewe. Shule niliikimbia mapema, kweli. Lakini uso wa Salma ulitosha.

Garini Zuwena kauliza jambo moja tu, mfereji umepoa? Bado. Anataka kahawa ya roshani kabla hajaondoka. Kasema hivyo hivyo, kama mtu anayekwenda Sharjah kutembea.

Nina hasira na jua. Ningelifikia ningelipiga kofi.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefanya ujinga. Nilitia barafu kwenye jagi, nikampelekea atie udhu, nikasema mfereji umepoa, nimekushinda tena. Nilitaka afurahi. Katia mkono, akatoa kipande ambacho hakijayeyuka, akaniinulia.

"Bwana we, mfereji wako siku hizi unatoa na barafu?"

Tukacheka mpaka akakohoa. Kakohoa sana. Salma kanifokea jikoni, kasema Baba, na mvi zote hizo, utakua lini? Nikamjibu karibuni. Halafu nikajifungia chooni, nikafungulia maji asinisikie. Yalikuwa moto vilevile.

Jumatano, 8 Oktoba

Hali mbaya. Majirani wanasema inshallah. Nimechoka na inshallah zao.

Mfereji moto.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi nilimtawadhisha. Maji ya mfereji, safari hii bila hila. Nilipommiminia mikononi alifumbua macho.

"Yamepoa," kasema. "Nimekushinda."

Maji hayakupoa. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ya baridi, haisikii tena moto.

Nikamwambia umeshinda, bibi, khalas, yamekwisha. Nikazima AC. Nikafungua roshani, joto likaingia kama shemeji asiyealikwa. Salma alitaka kusema kitu, nikamtazama, akashika kitanda upande wa pili. Tukamsogeza mama yake mpaka mlangoni, kitanda na vyote. Nikapika kahawa. Kalowesha midomo tu. Kasema sukari hamna, na hajapata kutia sukari kwenye kahawa maisha yake. Uchokozi mpaka mwisho.

Kafa kabla ya adhana ya Ijumaa. Tumemzika baada ya Alasiri, jua kali, watu wanajipepea kwa kofia zao.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimetia kidole. Baridi.

Nimesimama pale maji yakimwagika bure. Nimegeukia chumbani kumtambia, mdomo wazi. Nikaufunga.

Nimezima AC. Nimefungua roshani. Kahawa nimepika mimi, aliyeshindwa ndiye mpishi. Upepo mzuri huu, mshenzi. Umechelewa.

Salma kapiga simu kuuliza kama maji yamepoa. Nimemwambia tangu Ijumaa ile. Mama yako ndiye aliyewahi.