Kamuulize Mkufunzi Wako

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Kwa rehema za Mungu tunapumua, na goti langu limepoa. Shemeji yako, msimamizi katika kiwanda cha viatu, kaletewa mashine mpya pamoja na mkufunzi mwanamke wa kuwafundisha wakubwa kuyapokea mabadiliko. Siku hizi kila tonge ni "Mkufunzi kasema." Eti waulize kabla ya kuamuru, kisha wanyamaze wasikilize.

Juzi akaniuliza, "Mama watoto, wewe unaonaje?" Akanyamaza, ananitazama. Miaka ishirini na mbili ya ndoa sijaulizwa hivyo! Wivu ukanipanda: "Kamuulize mkufunzi wako!"

Tangu hapo haulizi. Nilikuwa nikisali mwanamke yule ahamishwe. Sasa nasali abaki, amfundishe shemejiyo kuuliza mara ya pili.

Mimi dada yako niliyekubeba mgongoni.